Jinsi ya kupiga kinanda kwenye misa bila kuwanyima waumini pumzi

Mara ya kwanza napiga kinanda misa ya kwanza ya Jumapili, ile ya saa 12 asubuhi, nilijiona nimemaliza kazi. Nota hata moja sijakosea, tempo imetulia, wimbo wa mwanzo umeenda mpaka padre kafika kwenye kiti chake. Baada ya misa bibi mmoja wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, akaniita pale nje, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mjukuu wangu, umepiga vizuri, ila leo hatujapumua. Akaenda zake. Mi nikabaki nimesimama, nikajua ananitania tu.

Hakuwa anatania. Nilikuja kuelewa baadaye sana nikiwa nimekaa kwenye benchi na mimi naimba kama muumini wa kawaida, mpiga kinanda mwingine yuko juu, beti inaisha anaunganisha hapohapo na beti inayofuata, hanyanyui mkono, sauti haikatiki, na mimi kifua kimeisha. Kufika beti ya tatu nikaacha kuimba nikawa nasikiliza tu. Nikageuka kuangalia wenzangu, nao wamenyamaza. Kwaya inaimba, kinanda kinalia, watu mia kadhaa wamesimama kama wanasubiri basi.

Kwa hiyo haya nayoandika ni kwa yule kijana au binti ambaye amejifunza kibodi mtaani au kwa mwalimu wa kwaya, ameshaweza kupiga sauti nne za kwaya (soprano ya juu kabisa, alto, tenor, na bass ya chini kabisa) polepole, na sasa paroko au mwenyekiti wa kwaya amemwambia Jumapili ijayo utapiga wewe. Sifundishi solfa hapa wala kusoma nota, hayo yana walimu wake. Nafundisha yale ambayo mi nilifundishwa na aibu.

Kwanza elewa hicho chombo

Kinanda tofauti yake na gitaa au piano ni moja kubwa, sauti yake haifi. Ukigonga piano sauti inaanza kufa sekunde ileile, ukipiga gitaa vivyo hivyo. Kinanda ukibonyeza kidole na ukaenda kunywa chai ukirudi bado kinalia. Ndo maana kinafaa kubeba sauti za watu wengi, maana sauti ya mtu nayo ni upepo unaosukumwa ukaendelea, na kinanda halisi cha mabomba nacho ni upepo mtupu, bomba na pumzi. Ila mtu ana mapafu yanayoisha na kinanda hakina, na hapo ndipo tunapowakosea watu.

Halafu kuna wanaosema kinanda ni mali ya Wazungu kaletewa Mwafrika. Historia haiko hivyo moja kwa moja. Kinanda cha kwanza kinachojulikana kilitengenezwa Alexandria, Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo, na fundi mmoja anaitwa Ctesibius, kilikuwa kinatumia maji kusukuma upepo. Wakristo wa mwanzo hawakukitumia kanisani kabisa, kilikuwa cha kwenye michezo na sherehe za wakubwa. Mwaka 757 Kaisari wa Konstantinopoli alimtumia mfalme Pepin wa Wafranki kinanda kama zawadi, na ni huko Ulaya taratibu kikaingia kwenye monasteri na makanisa makubwa. Kwa hiyo kimezunguka sana mpaka kimefika kigangoni kwenu kikiwa na nembo ya Yamaha.

Kanisa linasemaje? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwenye hati yake ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 120, unasema kinanda cha mabomba kipewe heshima kubwa katika Kanisa la Kilatini, na vyombo vingine vinaweza kukubaliwa kwa idhini ya mamlaka ya Kanisa ya eneo husika, ikiwa vinafaa kwa matumizi matakatifu na vinawajenga waamini. Hiyo ya vyombo vingine usiichukulie kirahisi. Mwaka 1903 Papa Pius wa X alikuwa amekataza hata piano kanisani, pamoja na ngoma na vyombo vyote vya kelele. Sisi tunaopiga kayamba na ngoma kwenye Utukufu leo tungekuwa nje ya mlango. Papa huyohuyo lakini alisema jambo ambalo mpaka leo lina maana kwako mpiga kinanda, kwamba kuimba ndiko kunatangulia, chombo kinasaidia tu wala kisifunike sauti, na wimbo usitanguliwe na intro ndefu ndefu. Soma hiyo sentensi tena kama una tabia ya intro ya dakika mbili.

Kuiandaa kibodi

Wengi wetu hatuna kinanda cha mabomba na pengine hatutakaa tukakiona, tuna kibodi ya funguo 61 juu ya stendi ya chuma inayotikisika. Hamna shida, inafanya kazi, ila lazima uitengeneze iwe kinanda, maana kiwandani imetengenezwa iwe bendi nzima.

Chagua sauti ya kinanda cha kanisa, sio zile za jazi zinazozunguka zungukaa kama feni. Kama kuna mahali pa kuzima ile hali ya kibodi kuongeza sauti ukibonyeza kwa nguvu, zima, maana kwenye kinanda hata ukigonga kwa ngumi sauti ni ileile, na ukiacha imewashwa vidole vyako dhaifu, hasa cha nne na cha tano, vitatoa soprano hafifu wakati gumba linapiga kelele ya alto. Kile kipedali cha mguu cha kurefusha sauti kitoe kabisa, kipeleke nyumbani. Kwenye kinanda kinaleta uji, akodi (nota kadhaa zinazolia pamoja) ya zamani inachanganyikana na mpya. Mwangwi wa kwenye kibodi nao, kama kanisa lenu ni kubwa na la bati au zege tayari lina mwangwi wake, punguza mpaka mwisho.

Kama kibodi inakuruhusu kuunganisha sauti mbili, weka moja ya kawaida na nyingine laini ya chini. Kwenye vinanda vya mabomba sauti zinahesabiwa kwa futi, ya futi 8 ndo inalia pale pale ulipobonyeza (bomba la Do ya chini kabisa lina urefu wa karibu mita 2 na nusu), ya futi 4 inalia oktavu moja juu (kutoka Do mpaka Do inayofuata), ya futi 16 oktavu moja chini. Ya 8 ndo ugali, zingine ni mboga. Kuna watu wanaweka za juu tupu kinalia kama filimbi ya traffic, na waumini wanashindwa hata kujua wimbo uko wapi.

Na stailo, ile midundo ya kujipiga yenyewe. Najua nitagombana na watu hapa. Mi nasema zima. Sio kwa sababu mdundo ni dhambi, ngoma yetu ni mdundo na Kanisa limeikubali, ila mdundo wa mashine hausubiri mtu. Bibi akichelewa kupumua ngoma ya mtu itamwona na kumsubiri, mashine itaendelea. Mkitaka mdundo tafuteni mpiga ngoma na manyanga, na wewe kwenye kinanda shika akodi zako umtulizie chini, usishindane naye.

Voliumu usipime ukiwa umekaa kwenye kibodi. Mwombe mtu akae benchi la mwisho karibu na mlango, piga, halafu akuambie. Na kumbuka kanisa likijaa watu wanameza sauti, ile ya Jumamosi mazoezini kanisa likiwa tupu inakuwa kubwa kuliko ya Jumapili. Kipimo changu ni kwamba nikiwa napiga lazima nisikie maneno ya waumini. Nikisikia kinanda tu, nimezidisha.

Kujifunza wimbo

Wimbo wa sauti nne unapigwa hivi, mkono wa kulia soprano na alto, wa kushoto tenor na bass. Usianze na mikono yote. Anza na bass peke yake huku unaimba soprano kwa mdomo. Ndiyo, kwa mdomo, na maneno yake. Ukishindwa kuimba soprano na kupiga bass kwa pamoja maana yake wimbo hauujui bado. Halafu piga soprano na bass tu, sauti mbili za nje. Zikikaa vizuri misa imeokoka, hata ukisahau alto Jumapili hakuna atakayekufa. Ndo baadaye unajaza katikati. Wengi wanaanza na zote nne wanahangaika wiki mbili na wimbo mmoja, na siku ya siku wakikosea sauti moja zote zinaanguka.

Vidole. Kwa kuwa sauti inakatika pale unaponyanyua, unatakiwa uunganishe nota kwa kubadilisha kidole juu ya funguo bila kuiachia, mfano umebonyeza kwa kidole cha 3, unaingiza cha 5 palepale, cha 3 kinatoka kinaenda mbele. Mwanzoni inauma na unaona kama mchezo wa kitoto. Fanya dakika kumi kila siku, baada ya mwezi hutaki tena kurudi.

Afu hii siri ndogo. Soprano ikiwa na nota ileile mara mbili tatu mfululizo, lazima uikate na kuibonyeza tena kila mara, la sivyo waumini hawatasikia silabi inabadilika. Lakini alto na tenor zikirudia nota ileile, shikilia tu usikate. Hapo unapata vyote viwili, wimbo unasikika wazi na chini kuna kitanda kimetulia. Mi nilipiga miaka bila kujua, nilikuwa nakata zote nne kwa pamoja, kinanda kinalia kama mtu mwenye kwikwi.

Soma maneno kabla ya nota. Kiswahili chetu mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, BWA-na, mtaka-TI-fu, u-tuhuru-MI-e. Silabi ya mwisho ni nyepesi. Sasa wapigaji wengi mstari ukiishia na "Bwana" wanaangusha akodi nzito kwenye hiyo "na" na kuishikilia, watu wanaimba BwaNAAAA. Achilia mapema. Hiyo silabi ya mwisho ipunguze, nyanyua mikono, na hapo ndo watu wanapumua. Umepata vitu viwili kwa harakati moja.

Pumzi yenyewe

Weka alama kwenye karatasi yako, penseli, kila mahali pa kupumua. Kwenye mkato wa sentensi mara nyingi, sio kila mwisho wa mstari, maana kuna mistari ambayo maneno yanaendelea. Kwenye kila alama nyanyua mikono yote miwili kweli kweli, sauti ikatike, na wewe mwenyewe vuta pumzi kwa mdomo. Ukipiga huku unaimba moyoni au kimyakimya hutakosea, mwili utakulazimisha. Mpiga kinanda asiyeimba ndiye anayewanyonga watu.

Nyanyua bila kuchelewesha mapigo. Yaani muda wa kupumua unaukata kwenye nota iliyopita, huongezi mwingine. Kama nota ya mwisho ina mapigo matatu, piga mawili na nusu.

Intro iwe fupi na iwe na habari tatu tu, wimbo gani, sauti ipi, mwendo upi. Wimbo unaojulikana, mstari wa mwisho wa kiitikio unatosha. Wimbo mpya piga kiitikio kizima mara moja. Mwendo utakaopiga intro ndo huohuo wa wimbo, usipige intro kwa madoido polepole halafu watu wakiingia unakimbia. Ukimaliza, kata, pumua pigo moja wazi, ingia. Hilo pigo la ukimya ndo mlango wao wa kuingilia. Kati ya beti na beti nako hivyo hivyo, na urefu wa nafasi uwe uleule kila mara, ukitoa mapigo mawili beti ya kwanza toa mawili mpaka mwisho, waumini wanahesabu bila kujua kuwa wanahesabu.

Sauti ya wimbo. Watunzi wetu wanaandikia kwaya, soprano za kwaya zilizofanya mazoezi Jumanne na Alhamisi zinapanda mpaka Fa na Sol ya juu bila wasiwasi. Muumini wa kawaida saa 12 asubuhi hajaongea hata na mke wake. Kwake Re ya juu ndo mwisho, Mi kwa kujikaza. Kwa hiyo nyimbo za watu wote, kama Mtakatifu, Baba Yetu, Mwanakondoo, kiitikio cha zaburi, zishushe kwa misa ya kwanza toni moja au moja na nusu. Kibodi ina kitufe cha kuhamisha, kitumie usione aibu, ila kikumbuke, nitakuja kuelezea mwisho. Misa ya pili ya saa 2 au 3 unarudisha juu kidogo.

Jambo lingine ambalo hakuna aliyeniambia. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye kanisa kubwa mtu aliyekaa mita 34 nyuma anakusikia umechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na yeye akiimba sauti yake inachelewa tena hivyohivyo kukufikia. Wewe unawasikia kama wanavuta. Ukiwasubiri, na wao wanakusubiri, na wimbo unazidi kulala mpaka unakuwa wa msiba. Usiwafuate kwa masikio. Fuata mwongozaji kwa macho. Kama ukikaa kwenye kinanda unampa mgongo mwongozaji, nunua kioo cha pembeni cha bodaboda, kifunge kwenye stendi. Kinanunulika kwenye duka lolote la spea za pikipiki na kimeniokoa kuliko kozi yoyote.

Lini upige na lini unyamaze

Hapa ndipo kwenye ugomvi siku hizi, maana kuna mtindo umeingia wa kuweka sauti laini chini ya kila kitu. Padre anasali sala ya mwanzo, kibodi inanguruma kwa mbali. Anasoma Injili, kibodi. Mageuzo, kibodi kama sinema ya kihindi. Watu wanasema inaleta uchaji. Mwongozo wa Misale ya Kirumi namba 32 uko wazi, padre akiwa anatamka sala zake kusiwe na sala nyingine wala nyimbo, na kinanda na vyombo vingine vinyamaze. Maelekezo ya muziki mtakatifu ya tarehe 5 Machi 1967 nayo yanasema hivyo hivyo, kwamba padre au mhudumu akitamka kwa sauti sehemu inayomhusu, vyombo viwe kimya. Kwa hiyo kuanzia prefasio, ile sala ya padre inayotangulia Mtakatifu, mpaka Mtakatifu mikono mapajani. Mtakatifu ukiisha, mikono mapajani tena mpaka Fumbo la Imani. Padre akiimba prefasio usimfuatishe hata kama anashuka sauti na roho inakuuma kumsaidia. Na akimaliza mahali pengine kabisa na ulipopanga wewe, usikurupuke na akodi kubwa, mpe mwongozaji nota moja ndogo ya kuanzia, kwaya iingie.

Hayo maelekezo ya 1967 yanataja sehemu ambazo kinanda kinaweza kupiga peke yake, bila wimbo. Mwanzoni kabla padre hajafika altareni, wakati wa vipaji, wakati wa komunyo na mwisho wa misa. Nne tu. Za kwangu nazopenda ni ile ya vipaji, kwaya imemaliza wimbo na bado watu wanatoa sadaka, hapo badala ya kuanza wimbo wa tatu ambao utakatwa katikati, unarudia ile tuni ya wimbo kwa sauti laini mpaka padre anapomaliza kunawa mikono. Jicho liwe altareni. Ukiona mtumishi amechukua bakuli na taulo, anza kutafuta mahali pa kushukia, usisubiri padre ageuke na kukuangalia.

Komunyo ni hivyohivyo lakini ndefu zaidi, na hapo kuna kishawishi cha kuonyesha ulichojifunza. Watu wanarudi kwenye mabenchi wanasali. Piga kidogo, acha, kaa kimya hata dakika mbili. Kimya nacho kimepangwa kwenye liturujia, sio kosa la mitambo, japo mwenyekiti wa kwaya atakukonyeza kukuuliza kibodi imeharibika au.

Zaburi, msaidie mwimbaji kwa akodi chache zilizosimama, usimfuate kila nota. Na nyimbo za Kilatini ni hivyo hivyo, akodi chache, ubadilishe kwenye silabi yenye mkazo, sauti ya chini kabisa. Aliyezoea kubadilisha akodi kila nota anaifanya iwe gwaride.

Majira nayo. Majilio piga kwa kiasi, furaha yote tunaiwekea Noeli. Kwaresima kinanda ni cha kubeba wimbo tu, hakipigi peke yake, isipokuwa Dominika ya 4, ile padre anavaa rangi ya waridi, pamoja na sherehe na sikukuu zinazoangukia humo, mfano Mtakatifu Yosefu tarehe 19 Machi na Kupashwa Habari tarehe 25. Wimbo ukiisha, umeisha. Mwanzoni utaona misa imekuwa tupu, nyayo za watu wakienda komunyo unazisikia. Ndivyo inavyotakiwa. Misa za marehemu maelekezo ya 1967 yanataka hivyohivyo, kinanda hakipigi peke yake, unabeba nyimbo za waombolezaji, na hapo nyanyua mikono mapema zaidi maana mtu anayelia pumzi yake ni fupi.

Harusi sina mengi. Dada wa bibi harusi atakuja Ijumaa jioni na simu ana tuni ameitoa kwenye sinema. Mwelekeze kwa paroko, usibishane naye.

Alhamisi Kuu mpaka Mkesha

Alhamisi Kuu jioni kwenye Utukufu unapiga kwa nguvu, kengele zinalia, na ukiisha ndo basi, kengele zinanyamaza na kinanda kinabaki kwa ajili ya kusaidia kuimba tu mpaka Utukufu wa Mkesha wa Pasaka. Ijumaa Kuu kuna parokia hawawashi kabisa na mi ndo napenda. Kwaya ijiandae kuimba bila kinanda, na hapo utajua kama kwa mwaka mzima ulikuwa unawabeba au ulikuwa unawaficha. Kwaya iliyofichwa itashuka toni nzima kabla ya beti ya pili.

Kushuka huko kunanileta kwenye umeme. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, mwongozaji aendelee, kwaya iendelee, wewe imba. Ukirudi, usiingie. Nasisitiza usiingie, hata kama vidole vinawasha. Kwaya bila kinanda itakuwa imeshashuka nusu toni au zaidi na ukiingia na sauti yako sahihi utasikika kama ajali. Subiri wimbo uishe, anza upya na unaofuata. Nyingi za kibodi ndogo zina sehemu ya betri kwa chini, weka betri, ni gharama ndogo kuliko aibu.

Na sasa kile kitufe cha kuhamisha sauti nilichokuwa nimesema tukikumbuke. Mkesha mmoja, parokia siitaji, tumefika masomo yameisha, tuko kwenye Utukufu, mwaka mzima tunausubiri. Mi nimeshaiweka kibodi toni moja chini tangu kwenye mazoezi, nimepumzika. Nisichokijua ni kwamba mwanzoni, wakati wanazima taa kanisa liwe giza kwa ajili ya moto na mshumaa wa Pasaka, msakristia alishusha swichi kubwa, na soketi yangu iko kwenye swichi hiyohiyo, kibodi ikazimika na ilipowaka imesahau kila kitu, imerudi sauti ya kawaida. Padre kaanzisha, kengele zinalia, watoto wa altare wanatikisa kwa nguvu zote, nikaangusha akodi ya kwanza kwa fahari, toni nzima juu ya padre. Soprano zangu walijaribu. Walipanda walivyoweza, mpaka pale kwenye "Wewe ndiwe peke yako Mtakatifu" ambapo hakuna binadamu aliyefika.

Kwa hiyo Jumamosi Kuu mchana nenda mapema, mtafute msakristia, mwombe akuonyeshe ni swichi ipi ataizima usiku. Vuta waya wa ekstensheni kutoka sakristia ambako hawazimi. Weka betri. Kwenye karatasi ya Utukufu andika juu kwa kalamu nyekundu namba ya kuhamisha, kubwa, na wakati somo la mwisho la Agano la Kale linasomwa, shusha voliumu mpaka sifuri na uangalie kwenye skrini ya kibodi kama hiyo namba bado ipo.